Mshale uko kwenye kijani na mtungi umekufa: sevisi ya mitungi ya moto kazini

Ingia sehemu yoyote ya kazi hapa Mwanza, godauni la dagaa pale Mwaloni Kirumba, kiwanda cha pamba, sheli ya Barabara ya Nyerere, duka la vifaa vya umeme mjini kati, utakuta mtungi mwekundu ukutani na stika yake, na ukimuuliza mhusika kama huo mtungi ni mzima anakuonyesha stika. Mkaguzi akija naye anaonyeshwa stika. Sasa stika inataja tarehe ambayo kuna mtu alikuja, ila kama huyo mtu aliufungua mtungi, aliupima uzito, alibadilisha unga, au alipangusa vumbi akaandika mwezi na mwaka akadai hela yake akaondoka, hilo stika nyingi za mjini haziseme. Ndo maana watu wanalipia sevisi mwaka hadi mwaka na siku moto ukiwaka mtungi unatoa pumzi moja ya unga halafu kimya.

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye kuchanganya watu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, yaani faya kama wengi tunavyowaita, wanafanya kazi kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, wanakuja kukagua jengo, wanaangalia vifaa vipo na njia za kutokea ziko wazi, unalipia, unapewa cheti. OSHA, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wao wana Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, wanamwangalia mwajiri kuhusu usalama na afya ya wafanyakazi wake, moto ukiwa humo ndani pamoja na mambo mengine kibao. Hawa wote wanakuja kukagua, na ukaguzi hauongezi hata gramu moja ya unga kwenye mtungi wako. Anayeshika spana ni fundi au kampuni ya sevisi uliyoiita na kuilipa wewe. Afu kuna mtu wa nne ambaye anasahaulika kila siku, ni nyie wenyewe mnaofanya kazi hapo. Kwa hiyo ukisikia ofisi inasema "sisi tuko poa, faya walipita mwezi wa tatu", jua kuna uwezekano mkubwa hakuna mtu aliyegusa mtungi hata mmoja.

Kuchanganya kwa pili ni kwenye kazi zenyewe. Watu wanajua sevisi ni kitu kimoja cha mara moja kwa mwaka, kumbe ziko kazi nne tofauti na kila moja ina muda wake na mtu wake. Kuna kuangalia kwa macho kila mwezi, hii ni yenu nyie. Kuna sevisi ya mwaka, hii ni ya fundi. Kuna kumwaga unga au maji yote, kukagua ndani na kujaza upya, hii inakuja baada ya miaka kadhaa. Na kuna kupima chuma chenyewe cha mtungi kwa presha ya maji kama bado kinahimili, hii inakuja kwa nadra zaidi na ndo ambayo mitungi mingi huku inazeeka mpaka inakufa bila kuiona hata siku moja.

Hapo kwenye miaka ndo utasikia kila fundi na namba yake, mmoja anasema mitano, mwingine sita, mwingine kumi na mbili, unaona kama wanabahatisha. Wakati mwingine wanabahatisha kweli, ila wakati mwingine kila mmoja anasoma kiwango chake. Duniani kuna viwango viwili vinavyofuatwa sana, cha Uingereza kinachoitwa BS 5306 na cha Marekani kinachoitwa NFPA 10. Kile cha Uingereza kinataka mtungi wa unga, wa maji au wa povu umwagwe na kujazwa upya kila miaka 5, na wa gesi ya CO2 ufanyiwe matengenezo makubwa pamoja na kupimwa presha kila miaka 10. Kile cha Marekani kinataka mtungi wa unga wenye presha ndani ufunguliwe na kukaguliwa kila miaka 6 na chuma kipimwe presha kila miaka 12, ila wa CO2 chuma chake kinapimwa kila miaka 5. Wote wanakubaliana kwenye sevisi ya mwaka na kwenye kuangalia kila mwezi. Ushauri wangu ni kwamba soma maandishi ya aliyetengeneza mtungi wako, na mkataba wa sevisi uandikwe unafuata kiwango gani, kwa sababu fundi anayeruka kutoka kiwango hiki kwenda kile mara nyingi anachagua chenye kazi ndogo.

Tuanze na hiyo ya kila mwezi, maana ni bure na inaokoa mitungi mingi kuliko hizo za kulipia. Unasimama mbele ya mtungi. Je, upo mahali pake au umehamia kushikilia mlango usifungwe na upepo? Unafikika au umezibwa na magunia? Geji kama ipo, mshale uko kwenye kijani? Pini ipo na sili ya plastiki haijakatika? Mpira haujapasuka pale unapoungana na valvu? Kitako hakina kutu? Hapo kwenye kitako inama kabisa utazame chini, maana mitungi mingi ya huku inakaa sakafuni na sakafu za sehemu za samaki zinamwagiwa maji ya chumvi na ya kuoshea kila siku, juu rangi inang'aa ukiigeuza chini chuma kinabanduka kama maganda. Halafu angalia mdomo wa mpira. Kuna siku tulishusha mtungi wa kilo 6 nyuma ya godauni moja, geji kijani, stika ya mwaka huohuo, fundi amesaini vizuri tu, kuingiza msumari kwenye mdomo wa mpira ukagota. Nyigu walishajenga nyumba ya udongo humo ndani, imekauka kabisa, na stika ilikuwa imebandikwa pembeni ya huo mpira kwa umbali wa kiganja. Mtungi wa hivo ukibana haumwagi chochote au mpira unachomoka usoni kwako.

Hiyo kazi mpe mtu mmoja kwa jina, sio "watu wa usalama". Awe na daftari, aandike tarehe na alichokiona, dakika chache kwa kila mtungi zinatosha. Mlinzi wa zamu anaweza, mama wa usafi anaweza, ilimradi ameelekezwa na ana mtu wa kumwambia akikuta tatizo.

Sasa tuje kwa nini geji ya kijani haitoshi. Mtungi wa unga wa aina ya kawaida una vitu viwili ndani, unga na gesi ya kuusukuma, mara nyingi naitrojeni, kwenye presha ya kama baa 12 mpaka 15. Geji inapima hiyo gesi peke yake. Unga unaweza kuwa umeganda chini kama mfuko wa sementi uliolala stoo yenye unyevu, na mshale ukabaki kijani vilevile, kwa sababu gesi ipo juu na iko sawa. Ukibana, gesi inatafuta njia inatoka, unga unabaki. Na kuganda huko kuna sababu ambazo sisi wa kando ya ziwa tunazo kwa wingi. Unyevu ni wa kwanza, hewa ya huku inakuwa nzito hasa asubuhi na kipindi cha mvua, na mtungi ukishafunguliwa kwa ajili ya kujazwa kwenye karakana isiyo kavu unga unanyonya unyevu hapohapo. Mtikisiko ni wa pili, mtungi uliofungwa kwenye boti, kwenye gari la mzigo au karibu na mashine ya kuchambua pamba unatingishwa kutwa na unga unashindiliwa chini. Wa tatu ni fundi mwenyewe, anayejaza upepo kwa kompresa ya kujazia matairi badala ya naitrojeni. Upepo wa kompresa hiyo una maji ndani, nani asiyejua yale maji yanayotoka ukifungua koki ya chini ya tangi? Yote hayo yanaingia kwenye unga, halafu mshale unapanda mpaka kijani na wewe unaona kazi imefanyika.

Sababu ya nne ya unga kuganda ni hatari zaidi na haijulikani sana, nayo ni kuchanganya aina za unga. Unga wa kuzimia moto uko wa aina zaidi ya moja. Ule wa ABC msingi wake ni fosfati ya amonia, ule wa BC mara nyingi ni baikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi na hamira ya unga. Moja ina asili ya asidi, nyingine kinyume chake. Ukichanganya kwenye mtungi mmoja, na unyevu ukaingia kidogo, zinapambana zinatoa gesi ya CO2, presha inapanda bila mtu kujua na unga unaganda. Kwa hiyo fundi anayebeba ndoo moja ya unga na kuongezea kila mtungi anaokutana nao, unga wowote juu ya unga wowote, huyo mwambie asimame kwanza. Kujaza maana yake ni kumwaga wa zamani wote, kusafisha, kukausha, kisha kuweka wa aina ileile iliyoandikwa kwenye mtungi na kwa uzito ulioandikwa, upimwe kwenye mizani.

Watu wanauliza kuhusu kugeuza mtungi juu chini na kuutikisa. Ukiupindua taratibu ukasikia unga unateleza kutoka huku kwenda kule ni dalili nzuri, usiposikia kitu kabisa na ukahisi uzito wote umebaki upande mmoja basi mpigie fundi. Ila kuutikisa hakurudishi unga uliokwisha kushikana mabonge, na hakuhesabiki kama sevisi, hata kama kuna watu wanakulipisha kwa hiyo.

Kuna mitungi mingine ya unga haina geji kabisa, ina kitufe cha kugonga au lever juu na kikopo kidogo cha gesi ndani. Hii inakaa bila presha mpaka siku unapoitumia. Hapo fundi asipoifungua kifuniko, akatoa kile kikopo akakipima uzito, hakuna anachoweza kukuambia kuhusu huo mtungi, hata akiuzunguka mara kumi. Tena uzuri wake ni kwamba unafunguka, unaona unga kwa macho.

CO2 ndo inachanganya watu zaidi, ule mtungi wenye pembe nyeusi pana badala ya mpira mwembamba. Haina geji, na kila mwaka kuna mtu anauliza geji imeibiwa na nani. Haijaibiwa. Ndani ya mtungi CO2 ipo kama kimiminika na juu yake kuna gesi, presha yake kwenye joto la kawaida ni kama baa 55 mpaka 60, na inabaki hapohapo mradi kimiminika kipo, iwe mtungi umejaa au umebaki nusu. Ukiweka geji ingekudanganya mpaka dakika ya mwisho. Ndo maana CO2 inapimwa kwa uzito tu. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo ya chuma, na lebo inakwambia ndani zinaingia kilo ngapi. Ikipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake, irudi ikajazwe.

Na hapa watu wa Mwanza hatuna kisingizio, mizani ya kuning'iniza ipo kila kona ya mwalo. Kwenye sehemu ya samaki nimeona vijana wakiufunga mtungi wa CO2 wa kilo 5 kwa kamba wanauning'iniza kwenye mizani ileile ya sangara. Tuseme mtungi ukijaa unatakiwa kuwa kilo 15 na gramu 400, mizani ikasoma 14 na 700. Zimeondoka gramu 700, na kiasi unachoruhusiwa kupoteza kwenye kilo 5 ni gramu 500. Huo unaenda. Mizani ya samaki haitakupa usahihi wa maabara ila itakuonyesha mtungi uliovuja, na huo ndo unaoutafuta. Ukumbuke kuondoa pembe kama uzito ulioandikwa hauijumuishi, soma vizuri hapo kwenye lebo.

CO2 isianikwe juani wala kuwekwa chini ya bati lililochemka, presha yake inapanda na joto kwa kasi. Mikono usiweke kwenye pembe wakati inafanya kazi isipokuwa kama ina mshiko, gesi ikitoka inashuka mpaka nyuzi kama 78 chini ya sifuri, ngozi inaungua kwa baridi. Na kwenye chumba kidogo kilichofungwa, kama cha seva au cha paneli za umeme, ukishapuliza toka nje, kwa sababu inafukuza hewa unayovuta wewe pia.

Herufi kwenye lebo nazo zimeshawapoteza wengi. A ni vitu vikavu, mbao, karatasi, pamba, magunia. B ni vimiminika kama petroli, dizeli, rangi. Mpaka hapo wote wanakubaliana. Ukifika C, mtungi uliotengenezwa kwa mfumo wa Ulaya unamaanisha gesi, ule wa Kimarekani unamaanisha umeme. Mafuta ya kukaangia Ulaya ni F, Marekani ni K. Na madukani kwetu yote yamejaa, moja imetoka Uchina, nyingine Uingereza, nyingine Dubai imepitia huko ikitoka kwingine. Usibishane na herufi, tafuta kile kimchoro kidogo pembeni yake, kama kuna alama ya radi au plagi yenye mstari wa kukataza utajua kama unaruhusiwa kwenye umeme au la. Mitungi ya mfumo wa Uingereza ina na mkanda wa rangi, bluu ni unga, nyeusi ni CO2, krimu ni povu, njano ni ya mafuta ya kukaangia.

Kwa nini hii inaingia kwenye mada ya sevisi? Kwa sababu fundi mzuri kwenye sevisi ya mwaka anatakiwa pia akuulize hapa siku hizi mnafanya nini. Chumba kilikuwa stoo ya karatasi mwaka juzi, leo kimekuwa jiko la kukaangia sato na chipsi za wafanyakazi, na mtungi ni uleule. Mafuta ya kukaangia yaliyowaka ukiyapiga unga moto unaweza kuzima sekunde chache kisha unawaka tena kwa sababu mafuta bado yana joto la kujiwasha yenyewe, na ukiyapiga CO2 kwa karibu unayarusha nje ya karai yakiwa yanawaka. Mtungi wa njano unafanya kazi tofauti, dawa yake inakutana na mafuta ya moto inageuka tabaka la sabuni juu yake, inaziba na kupoza. Jiko dogo lisiloweza kununua huo liwe na blanketi la moto au hata mfuniko mkubwa wa chuma, na anayekaanga ajue kuzima gesi kwanza. Maji hapo usiyataje.

Pamba ni kesi nyingine na huu ni mkoa wa pamba, tusijifanye hatujui. Moto ukiingia ndani ya robota, lile furushi la pamba iliyoshindiliwa, unatafuna taratibu bila mwali, mtungi wa unga unazima juu tu pale unapopaona, unga unatuama kama vumbi na ndani kunaendelea, mnaenda kulala mnafurahi saa nane usiku godauni linawaka. Pamba inataka maji, na robota liburutwe nje lifumuliwe. Ghala la pamba lenye mitungi ya unga pekee lina vifaa vya kumfurahisha mkaguzi asiye makini. Unga wa dagaa na mashudu nayo yana tabia yake, mafuta yaliyomo yakikutana na hewa yanatengeneza joto, rundo likiwa kubwa na lenye unyevu joto linakosa pa kutokea, linaweza kufikia kuwaka bila kiberiti cha mtu yeyote. Hapo ulinzi wa kwanza ni kutopanga marundo makubwa na kutumbukiza mkono au kipima joto mara kwa mara, mtungi unakuja baadaye sana.

Vyumba vya kompyuta na paneli za umeme weka CO2. Unga wa ABC utazima ndio, lakini unabaki ndani ya vifaa, ukipata unyevu unakula chuma na nyaya, bima na fundi kompyuta watakueleza vizuri zaidi.

Kuhusu kuweka, nitapita haraka. Uwe njiani kuelekea mlangoni, ili ukishindwa uwe umeshaelekea nje, usiwe nyuma ya kitu kinachoweza kuungua. Waingereza wanataka mtu asitembee zaidi ya mita 30 kuufikia kwenye moto wa vitu vikavu, Wamarekani mita kama 23. Mtungi mzito mshiko wake uwe kwenye mita 1 kutoka chini, mwepesi mita 1 na nusu, na kitako kisiguse sakafu. Shida yetu kubwa huku wala sio hizo mita. Mitungi inafungiwa. Inaibiwa, kweli, kwa hiyo bosi anaifungia ofisini, na ukimuuliza mlinzi usiku anakujibu "shikamoo mzee, funguo anayo bosi, na bosi yuko Dar". Tengeneza kasha lenye kioo cha kuvunja au kipande cha nondo chenye kufuli dhaifu ambalo mkono unaling'oa, hata king'ora kidogo cha betri, ila usiniambie mtungi uko salama ndani ya chumba kilichofungwa. Na maeneo ya milimani, kwenye zile karakana zilizojibana katikati ya mawe ambako gari la faya linaweza kusimama barabarani na kuvuta mipira kwa mbali, huo mtungi ndo zimamoto yako kwa dakika za mwanzo zote. Namba ya faya ni 114, piga kabla hujaanza kupambana, sio baada ya kushindwa.

Turudi kwa fundi, maana ndo hela inapoenda. Sevisi ya mwaka inayoeleweka ukiiangalia kwa macho inachukua muda. Anaushusha mtungi, anaupima uzito analinganisha na wa mwaka jana, anachomoa mpira anapuliza ndani, anakagua pini na mshiko kama havijakaza, anaangalia oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, na uzi wa valvu, anakagua chuma kote hadi kitako, anaangalia tarehe iliyogongwa ya kutengenezwa na ya kupimwa presha, anaweka sili mpya, anajaza kadi. Akimaliza mitungi 30 ndani ya nusu saa akiwa peke yake, piga hesabu mwenyewe. Maongezi ya kawaida huwa hivi:

"Bosi hii haina shida, geji iko poa kabisa."

"Sawa kaka, nifungulie mmoja wowote hapo nione unga."

"Hii haifunguliwi hapa, ina presha."

Hapo amesema kweli, mtungi wenye presha haufunguliwi kiholela, unatolewa presha kwanza kwa utaratibu, kwenye karakana. Basi mwambie auchague mmoja akautolee presha huko na wewe umtume mtu aende naye. Mwenye karakana halisi atafurahi kukuonyesha mtungi wa naitrojeni, mizani, unga uliofungwa kwenye vifungashio vyenye jina, mashine ya kupimia presha ya maji au angalau atakutajia anapopelekea. Akianza kupiga chenga umeshapata jibu. Pia akibeba mitungi yako kwenda nayo, aache mingine ya muda mahali pake, kampuni haiwezi kukaa wiki mbili ukuta mtupu wakati jenereta inafanya kazi na mafundi wa kuchomelea wapo. Na ikirudi usiitundike na kusahau, weka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji pale mshale ulipo, rudi baada ya siku kadhaa utazame. Umeshuka? Valvu inavuja, mrudishie.

Kuvuja huko kuna sababu ya kijinga sana ambayo inatokea kwenye mafunzo. Mtu anabana kidogo tu, "najaribu", unga kidogo unatoka, anaurudisha ukutani. Chembe za unga zinabaki pale valvu inapokaa, haizibi tena sawasawa, gesi inatoka polepole na ndani ya siku au wiki mtungi hauna presha. Mtungi wa unga ukishatoa hata kidogo unaenda kujazwa, hakuna kusema bado umejaa. Wenye kilo 6 unamaliza kila kitu ndani ya nusu dakika au chini ya hapo, kwa hiyo hakuna pia kupunguza kidogokidogo.

Ile midogo ya kilo 1 ya kwenye magari, kusema ukweli, ikishapita muda wake nunua mpya, gharama ya kuifungua na kuijaza vizuri haina maana, na nyingi valvu zake hazikutengenezwa kufunguliwa. Mtungi wa ukutani wa kuutupa ni ule wenye kutu ya kula chuma, wenye mbonyeo, uliowahi kuchomelewa, uliopita kwenye moto, au ambao tarehe yake ya kutengenezwa imepakwa rangi juu na hakuna anayeweza kukuambia ni ya lini. Kupaka rangi mpya mtungi ni kazi ya kutilia shaka, aliyepaka alikuwa anaficha kitu au hajui anachokifanya. Na ukikutana na wa haloni, gesi ya zamani ya kuzimia moto, kwenye stoo ya zamani, mara nyingi ni wa rangi ya kijani, usiupulize na usiujaze, gesi hiyo iliwekwa kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, waite watu wa zimamoto wakuelekeze pa kuupeleka.

Mitungi ya unga inayotoka kwenye matumizi na ambayo bado chuma chake ni kizima usiitupe na presha yake, itumie kufundishia kabla. Toa watu nje, washeni moto kwenye pipa lililokatwa, upepo uwe mgongoni, kila mtu avute pini mwenyewe, aelekeze chini ya mwali, abane, afagie huku na huku. Utashangaa wangapi wanabana mshiko kabla ya kuvuta pini mpaka pini inakwama. Mtungi ukiisha, mwite fundi auondoe valvu kabisa, kisha chuma ndo kiende kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kikiwa na tundu wazi juu linaloonekana. Wa CO2 hata ukiwa umevuja usiupeleke mwenyewe, rudisha kwa waliokuwa wanaujaza, maana vijana wa chuma chakavu wakiona chuma kinene kama kile wanafikiria kukikata kwa moto.